Mathe Hakuwa Anasinzia

Mwaka jana nilipost video ya mathe akiwa shambani kwetu, upande wa Kebirigo, Nyamira. Sekunde arobaini tu. Anachuma majani chai, anaimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini, halafu anageuka na kuniuliza kama nimekula. Manze, video ikaenda. Siku mbili simu haikutulia. Na komenti iliyopendwa kuliko zote ilikuwa hii: "Huyu mathe anachuma chai akiwa amelala."

Nilicheka. Tena si kucheka tu, niliibandika juu kabisa ili kila anayeingia aione kwanza. Hiyo ndiyo sehemu ya hii stori ambayo sipendi kuikumbuka, ndiyo maana naanza nayo.

Kwa sababu ni kweli, ukimwangalia mathe kwenye ile video, macho yake yako nusu. Kope za juu zimeshuka. Na kabla hujachanganyikiwa, kope ninazosema hapa ni ile ngozi inayofunga jicho, si zile nywele tunazobandika kabla ya kuenda harusi. Ngozi ya mathe imelegea, imekunjana, imekuja chini hadi karibu iguse mboni. Mimi nimekua nikiiona hivyo, kwa hivyo kichwani mwangu hiyo ilikuwa sura yake tu. Kama vile pua yake ni pua yake.

Wiki tatu baadaye nikapata ujumbe. Ni spa ya urembo, jina siliweki hapa. Walikuwa wanaleta Kisii huduma mpya, "leza ya kuinua macho", na walikuwa wameona video. Wakasema nimlete mathe, watamfanyia bure, mimi nirekodi kabla na baada, halafu wanilipe elfu ishirini.

Wasee, elfu ishirini. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, na tangu hapo naishi kwa kontenti, kazi ambayo inakulipa siku ikijisikia. Elfu ishirini kwangu ni kodi ya nyumba ya miezi minne pale Nyanchwa. Nilijibu ndani ya dakika moja: niko tayari. Macho ni ya mathe, na mathe mwenyewe sikuwa nimemuuliza.

Kilichonisimamisha si busara, ni skripti. Nilihitaji maneno ya kusema kwenye video, kwa hivyo usiku huo nikaketi kusoma leza ni kitu gani.

Nikapata kwamba leza ya kwanza kabisa iliwashwa Marekani mwaka wa 1960 na mhandisi anayeitwa Theodore Maiman. Mwaka wa 1964 Kumar Patel, mzaliwa wa India, akatengeneza ile ya kaboni dayoksaidi, na hiyo ndiyo madaktari walikuja kuizoea sana kwa kazi ya ngozi. Inafanya kazi hivi: mwanga wake unanyonywa na maji yaliyo ndani ya ngozi. Maji yanachemka mara moja, tabaka la juu linaondoka kama mvuke, na joto linaloingia chini kidogo linafanya nyuzi za ngozi zijikaze na baadaye zijitengeneze upya. Ngozi ikipona, makunyanzi madogo yanapungua.

Sasa fikiria hiyo kitu ikifanywa juu ya jicho. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, haifiki hata milimita moja. Nyuma yake kuna jicho lenyewe. Kwa hivyo daktari akitumia leza hapo, anatia kwanza dawa ya ganzi kwenye jicho, halafu anaingiza kikinga cha chuma chini ya kope, juu ya jicho lenyewe, ili mwanga ukiteleza usipite.

Kesho yake nikaenda spa na maswali yangu kwenye simu. Mahali ni pasafi, panaharufu nzuri, kuna kiti cha rangi ya waridi. Dada aliyenipokea alikuwa mpole sana. Nikamuuliza jicho linafunikwa na nini.

"Tunaweka pamba, halafu miwani."

Mashine inashikwa na nani?

"Tuko na mtaalamu amefanya training."

Ni daktari?

"Ni mtaalamu."

Mashine ni aina gani?

"Ni ya Korea."

Nikauliza la mwisho. Je, mtampima mathe macho kabla ya kumfanyia?

"Kwani haja iko wapi? Si tumeyaona kwa video?"

Sitasema walikuwa watu wabaya. Walikuwa watu wa biashara na mimi pia ni mtu wa biashara. Lakini nilitoka hapo nikikumbuka Oktoba 2024, wakati habari za Nairobi zilijaa yule mwanamke aliyefariki baada ya kufanyiwa utaratibu wa urembo kwenye kliniki moja, na KMPDC, lile baraza linalosajili madaktari, likaifunga hiyo kliniki. Wakati huo nilitengeneza video ya kulaani watu wanaotangaza kliniki bila kuuliza maswali. Ilipata watazamaji wengi. Sasa zamu ilikuwa imefika yangu.

Hata hivyo sikukataa. Nataka muelewe hivyo. Niliwaambia nitazungumza na mathe. Elfu ishirini ilikuwa bado inaniita.

Ijumaa nikapanda matatu hadi Nyamira mjini, halafu boda hadi nyumbani. Kwetu Sabato inaheshimiwa, Jumamosi hakuna kuchuma, kwa hivyo nilikuwa na siku nzima ya kukaa na mathe bila kazi. Na kwa mara ya kwanza nilimwangalia bila kamera katikati yetu.

Nikaona mambo. Akizungumza na tata, ambaye ni mrefu, hainui macho, anainua kidevu. Akisoma Biblia anaweka kidole kwenye nyusi na kuisukuma juu, kama mtu anayefungua pazia. Paji lake la uso limejikunja muda wote, na ndiyo maana kwenye picha zetu anaonekana kama ameudhika. Jioni akasema kichwa kinamuuma hapa mbele, kama kila jioni. Halafu alipotoka kuenda jikoni akagonga kichwa kwenye tawi la mparachichi, tawi ambalo limekuwa hapo tangu nizaliwe. Akalisukuma tu na kuendelea, kama kitu alichozoea.

Nikamuuliza, "Baba, hukuliona?" Kwa wale si watu wa kwetu, msishtuke: kwa Ekegusii mama ndiye anaitwa baba, na baba ndiye tata. Akanijibu, "Omwana one, kule juu siku hizi ni kama kuna kofia."

Kofia. Mtu anavaa kofia asiyoweza kuivua, na mimi nimebandika komenti inayosema amelala.

Na ukifikiria, inaeleweka kwa nini hakuwahi kulalamika. Kuchuma chai ni kazi ya kuangalia chini. Majani mawili na chipukizi, siku nzima, miaka thelathini, jua la nyanda za juu likikupiga usoni hapa karibu kabisa na ikweta. Jua hilo ni sehemu ya kinacholegeza ngozi, pamoja na umri na urithi. Lakini pia kazi yenyewe inakuficha ugonjwa, kwa sababu hakuna anayekuuliza uangalie juu.

Nilimweleza kila kitu. Spa, leza, video, pesa. Alinisikiliza halafu akauliza swali moja: "Hao watu ni wa macho ama ni wa sura?"

Jumatatu tukaenda kwa watu wa macho. Hospitali iliyoko Kisii mjini, foleni ndefu, mathe amevaa nguo yake ya kanisa. Nilikuwa nimebeba swali langu moja nililoliona la maana: kisu au leza? Daktari alilikataa hilo swali. Si kwa ukali. Alisema, "Kwanza tujue ni nini kimeshuka."

Kumbe vinavyoshuka ni vitu tofauti na kwa nje vyote vinafanana. Inaweza kuwa ngozi yenyewe imezidi, inaning'inia kama shuka iliyo kubwa kuliko kitanda. Inaweza kuwa msuli unaoinua kope umelegea ama umeachana na mahali uliposhikilia, na hapo hata ukikata ngozi yote jicho halifunguki. Inaweza kuwa nyusi ndizo zimeshuka na kusukuma kila kitu chini. Na mara nyingine si uzee kabisa, ni neva ama ugonjwa wa misuli.

Ndiyo maana alimuuliza maswali ambayo mimi niliona hayahusiani. Kope zinashuka zaidi jioni kuliko asubuhi? Unaona kitu kimoja kikiwa viwili? Kumeza chakula kunakusumbua? Macho yanakauka, yanachoma? Unatumia dawa gani, hata za miti shamba? Akapima kwa rula ndogo. Akamwambia aangalie juu na chini bila kusogeza kichwa, huku amemshikia nyusi ili zisisaidie. Hapo ndipo nikaona: mathe bila nyusi zake hawezi kufungua macho vizuri. Yale makunyanzi ya paji la uso hayakuwa hasira. Alikuwa anabeba kope zake kwa kutumia paji la uso, kutoka asubuhi hadi usiku. Na hicho ndicho kichwa kinachouma jioni.

Mathe alipoelezwa hivyo akacheka, akamwambia daktari, "Zamani kwa hiki kichwa ningepelekwa kwa omobari." Daktari ni mtu wa kwetu, akacheka pia. Kwa msiojua, Wagusii walikuwa na wapasuaji wao wa jadi, omobari omotwe, aliyekuwa anafungua ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu la mtu aliyeumwa na kichwa kisichoisha, hasa baada ya kupigwa ama kuanguka. Madaktari wa kigeni waliandika kuihusu sana karne iliyopita, kwa sababu wengi waliofanyiwa walipona. Sisi si watu wa kuogopa kisu. Lakini hata omobari, nadhani, alikuwa anauliza kwanza umeumia wapi.

Halafu kukaja kipimo ambacho kilinimaliza. Mathe aliwekwa mbele ya mashine, anaangalia katikati, na kila akiona nukta ya mwanga anabonyeza kitufe. Alifanya mara ya kwanza kope zikiwa hivyo hivyo. Sehemu yote ya juu, kimya. Mwanga unakuja, yeye habonyezi. Kisha muuguzi akachukua plasta, akamwinulia ngozi na kuibandika juu, akarudia. Kitufe kikaanza kulia. Tik. Tik. Tik. Kule juu ambako kulikuwa na giza, alikuwa anaona kila kitu.

Alipotoka kwenye mashine, plasta bado ziko, aliangalia dari ya hospitali. Dari tu, nyeupe, na taa moja. Aliiangalia muda mrefu hadi muuguzi akamuuliza kama yuko sawa.

Jibu likawa wazi: kwa mathe ilikuwa ngozi imezidi, msuli wake uko fiti. Sasa ndipo daktari alikubali swali langu la kisu na leza, na nitawapa vile alivyonipa.

Leza inalainisha, haipunguzi. Kama shida yako ni makunyanzi madogo chini ya macho, uso wa ngozi umekuwa kama karatasi iliyokunjwa, leza kwa mkono wa daktari anayejua inaweza kusaidia. Inakaza kidogo. Lakini ngozi ambayo tayari imefunika jicho haiwezi kukazwa hadi ifunguke. Ni kama kupiga pasi pazia refu: litanyooka, lakini bado litaburuta chini.

Pili, rangi yetu. Ngozi nyeusi ikijeruhiwa kwa joto huwa inajibu kwa kutengeneza rangi zaidi. Unaenda kutafuta ngozi laini, unarudi na duara jeusi kuzunguka macho linalokaa miezi. Mara nyingine inakuwa kinyume, panabaki baka jeupe. Haimaanishi leza ni haramu kwa Mwafrika. Inamaanisha mashine, nguvu yake na aliyeishika lazima viwe vya mtu anayeijua ngozi kama yetu. Na ukishapata madoa, kishawishi cha kukimbilia mafuta ya kujichubua kiko hapo hapo mlangoni.

Tatu, na hii ilinishangaza: mara nyingine "upasuaji wa leza" ni upasuaji ule ule wa kukata ngozi, ila badala ya kisu daktari amekata kwa mwanga wa leza. Damu inatoka kidogo, lakini ngozi imekatwa na nyuzi zimeshonwa. Kwa hivyo mtu akikuambia "hapa hatukati, tunatumia leza", muulize leza inafanya nini hasa. Neno moja, kazi mbili tofauti kabisa.

Upasuaji nao hakuupamba. Alisema wanachora mstari kwenye mkunjo wa asili wa kope ili kovu lijifiche hapo, wanapiga sindano ya ganzi, wanaondoa ngozi iliyozidi, wanashona. Mgonjwa yuko macho. Wiki moja hivi nyuzi zinatoka. Kisha akataja hatari bila kupunguza sauti: kuvimba na kuvilia damu ni kawaida, macho yanaweza kukauka, jicho moja linaweza kutofautiana na lingine, na ngozi ikikatwa kupita kiasi jicho halifungi vizuri hata ukilala. Na mara chache sana damu inaweza kuvuja nyuma ya jicho, jambo ambalo lisiposhughulikiwa haraka linaweza kuchukua uwezo wa kuona. "Ndiyo maana," akasema, "hata hii ndogo haifanyiwi kwa kiti cha saluni."

Mathe akauliza maswali mawili. La kwanza: "Nitarudi kuchuma lini?" Akaambiwa asiiname wala asibebe mzigo wiki mbili hivi, na jua alikwepe hata baada ya hapo. La pili lilinishangaza. Aliuliza polepole, kwa aibu kidogo: "Na nitaonekana mzuri?"

Nilikuwa tayari nimejiandikia kichwani kwamba hii ni stori ya afya, si ya urembo. Kwamba mathe ni tofauti na wale wa spa. Daktari hakucheka. Akamwambia, "Mama, utaonekana kama wewe, lakini umeamka."

Nyumbani maneno yakawa mengi. Shangazi yangu, dada ya tata, alikuja mbio akauliza, "Kwani unataka kuolewa tena?" Wengine wakasema uzee ni heshima, kwa nini uupeleke hospitalini. Wamama wa kanisa wakauliza kama hiyo si kubadilisha kazi ya Mungu. Mathe alimjibu shangazi mbele yetu wote: "Meno yakiuma nang'oa. Macho yakifungwa nifanye nini, niyaombee tu? Na nikipendeza kidogo juu yake, hiyo ni dhambi ya nani?" Tata, ambaye huwa haongei, akasema, "Muache aone." Kesi ikaisha.

Pesa ndiyo haikuisha kirahisi. Hesabu tuliyopewa ilizidi bonasi yake ya chai, na nyinyi watu wa kwetu mnajua bonasi ya huku magharibi mwa Bonde la Ufa huwa inaachwa nyuma na ile ya upande wa Mlima Kenya. Bima kwa kawaida haitaki kusikia habari za urembo, ndiyo maana ile karatasi ya kipimo, yenye plasta na bila plasta, ni muhimu: inaonyesha kwamba hii ni kuona, si kujipamba. Mwishowe ilikuwa bonasi, mkopo wa chama chake, ndama mmoja, na kitu kidogo kutoka kwangu cha kurekodi harusi mbili. Elfu ishirini ya spa ingesaidia sana. Niliwaandikia kwamba mathe hatakuja. Hawakukasirika. Walimpata mwingine, na video yake nimeiona. Amempeleka shosho yake. Ina muziki mzuri. Sehemu ya "baada" imerekodiwa siku hiyo hiyo, uso bado umevimba, kwa hivyo bila shaka ngozi inaonekana imekaza. Nimeandika komenti mara tatu na kuifuta. Ya nne nimeiacha: nimemuuliza tu shosho anaendeleaje.

Mathe alifanyiwa Novemba, bonasi ilipoingia. Ilichukua kama saa moja. Alirudi na macho yamevimba, ya zambarau, na ikabidi alale ameinua kichwa kwa mito mitatu huku nikimwekea barafu iliyofungwa kwa kitambaa. Shida kubwa ya wiki hiyo hata haikuwa maumivu. Shida ilikuwa tata. Kila jirani aliyekuja kumjulia hali mathe aliangalia yale macho, halafu akamwangalia tata kwa jicho baya. Mzee wa watu alikaa ndani siku nne. Hadi leo bodaboda wa stage yetu wanamwita "bondia".

Macho yanakauka jioni, anatumia dawa ya matone. Jicho la kushoto liko juu kidogo kuliko la kulia ukiangalia sana. Lakini paji la uso limelala. Sijui kama mnaelewa ninachosema. Nilikuwa sijawahi kuona paji la uso la mama yangu likiwa limepumzika.

Mapema mwaka huu alikuja kunitembelea Nyanchwa, mara ya kwanza baada ya kupona. Niliandaa kamera. Nilitaka ile picha ya "baada", aingie mlangoni aangalie nyumba yangu, nimuulize anaona nini, aseme kitu kizuri, mlie huko mliko. Akaingia. Akaangalia juu. Akageuka pole pole, kona kwa kona.

"Kumbe unaishi na buibui," akasema. "Leta ufagio."

Hiyo video sijaipost. Niliuliza ruhusa na akakataa, kwa sababu alikuwa hajavaa vizuri. Ile ya zamani ya shambani iko bado, yeye mwenyewe alisema iachwe, anapenda ule wimbo. Komenti niliiondoa pale juu. Mahali pake nimeweka yangu: mathe hakuwa anasinzia, alikuwa haoni, na mimi pia.

Sasa nyinyi. Mwangalie mtu wenu mzima wikendi hii. Kama anainua kidevu ili akuone, kama anasukuma nyusi kwa kidole, kama anagonga kichwa kwa vitu alivyovizoea, usimrekodi, mpeleke kwa daktari wa macho. Kama kope moja imeshuka ghafla, na kuna kichwa kikali, ama anaona viwili viwili, ama mdomo umepinda, usingoje wikendi, hiyo ni ya sasa hivi. Na mtu yeyote akitaka kugusa macho yenu, kwa kisu ama kwa leza, ingieni kwenye tovuti ya KMPDC mtafute jina lake na la kituo chake. Ni bure na inachukua dakika mbili. Mimi nilikubali dili kwa dakika moja.